Zimelala, hazijafa: kisa cha seli za lukemia kwenye oksijeni ya asilimia 1

Kisa hiki kilitokea katika maabara moja ya utafiti wa saratani ya damu. Majina, mahali na mwaka nimeviondoa, na vitu vidogo vidogo nimevibadilisha ili wahusika wasitambulike. Nilikuwa mmoja wa kundi hilo, mshika daftari la vipimo, kwa hiyo makosa ninayoyaeleza hapa ni yangu pia.

Usuli

Swali letu lilikuwa jepesi kulitamka. Seli za lukemia zikinyimwa oksijeni, hukua haraka, hukua polepole, au hufa? Na sitarabini, dawa kongwe ya lukemia kali ya mayeloidi, huziua sawasawa na inavyoziua kwenye hewa tunayovuta?

Tuliuliza hivyo kwa sababu ya uboho. Seli hizi huzaliwa na kujificha humo, na humo oksijeni ni haba. Mwaka 2014 yalitangazwa matokeo ya watafiti waliopima oksijeni moja kwa moja ndani ya uboho wa panya walio hai. Walikuta shinikizo lililo chini ya milimita 32 za zebaki, na penye uhaba mkubwa zaidi likikaribia 10. Kwa hesabu ya asilimia, hiyo ni kama 4 kushuka hadi 1.3. Cha kushangaza, uboho una mishipa mingi ya damu. Oksijeni inafika, ila seli zilizosongamana mle zinaigombania na kuimaliza.

Maabara nyingi, yetu ikiwemo, hukuza seli hizo hizo kwenye inkubeta yenye hewa ya chumba iliyochanganywa na kaboni dioksidi ya asilimia 5. Ukiondoa nafasi inayochukuliwa na gesi hiyo na mvuke, oksijeni inayobaki ni kama asilimia 18 na nusu. Tuliita hali hiyo "kawaida". Nitalirudia neno hilo baadaye, maana lilitugharimu.

Jambo la mwisho la kujua kabla ya kuanza ni HIF-1, protini ambayo seli huitumia kutambua kwamba oksijeni imepungua. Kazi ya kufumbua namna seli zinavyohisi oksijeni ndiyo iliyowapa Gregg Semenza, Peter Ratcliffe na William Kaelin Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Oksijeni ikiwepo, vimeng'enya fulani huitumia kuitia alama sehemu ya alfa ya HIF-1. Protini nyingine iitwayo VHL huikamata kwa alama hiyo, na seli huisaga papo hapo. Oksijeni ikipungua alama haiwekwi, HIF-1 hujikusanya, huingia kwenye kiini na kuamsha jeni za kuvuta glukosi (sukari) zaidi, kuipunguzia kazi mitokondria, yaani vinu vya nishati vya seli, na kuita mishipa mipya ya damu. Mfumo huu ni mwepesi mno: seli ikirudishwa kwenye hewa, nusu ya HIF-1 alfa iliyokusanyika hutoweka ndani ya dakika 5 hivi. Namba hiyo sote tulikuwa tumeisoma. Kuisoma na kuikumbuka ukiwa umeshika chupa mkononi ni mambo mawili.

Majaribio matatu, majibu matatu

Kazi alipewa mtafiti kijana, mwanafunzi wa uzamili, mwenye bidii na mwenye haraka. Alitumia HL-60, ukoo wa seli uliotoka kwa mgonjwa wa lukemia kali miaka ya 1970 na ambao hadi leo unakuzwa duniani kote. Alizipanda laki mbili kwa kila mililita kwenye sahani za vishimo 96, mikrolita 200 kila kishimo. Sahani moja ikaingia inkubeta ya kawaida, nyingine inkubeta ya gesi tatu, ambayo kiwango cha oksijeni hupangwa, iliyosukumwa nitrojeni hadi skrini ya mlangoni ikaonyesha asilimia 1.0. Baada ya saa 72 alitia resazurini, rangi ya buluu ambayo seli hai huigeuza kuwa ya waridi. Mashine husoma uwaridi, nasi tunaita hiyo idadi ya seli hai.

Jaribio la kwanza liliangukia mwisho wa wiki, jengo likiwa tupu. Sahani ya oksijeni ndogo ilitoka buluu karibu yote, hata vishimo visivyotiwa dawa. Akaandika: oksijeni ndogo inaua seli za lukemia. Msimamizi alifurahi, akamwagiza apeleke muhtasari kwenye mkutano wa kisayansi uliokuwa unakaribia.

La pili lilifanyika katikati ya wiki. Sahani mbili hazikutofautiana sana kama mara ya kwanza, ila sasa sitarabini ilionekana kushindwa kabisa kwenye oksijeni ndogo. La tatu halikuonyesha tofauti yoyote, wala ya ukuaji wala ya dawa.

Katikati ya hayo alijaribu kuitafuta HIF-1 yenyewe. Alitoa chupa kwenye inkubeta, akavuka chumba hadi mezani, akasubiri mashine ya kuzungushia seli imalize zamu ya mwenzake, akazizungusha dakika 5, akamwaga maji, akaosha, ndipo akazipasua. Kwenye utando wa kupimia protini hapakuwa na mstari wa kuonyesha HIF-1 ipo. Kikaoni tukabishana saa nzima kama seli zetu zimepoteza uwezo wa kuhisi oksijeni. Mmoja wetu alikuja na nadharia ya mabadiliko ya jeni, tena nadharia nzuri. Hakuna aliyeuliza chupa ilikaa mezani kwa muda gani.

Aliyetutoa gizani ni fundi sanifu wa maabara, mama mtu mzima aliyekuwa amekuza seli kabla baadhi yetu hatujaanza shule. Asubuhi moja alikuwa anafuta rafu za inkubeta akaona chupa mbili za jaribio la nne zimelazwa jirani. Ile ya oksijeni ndogo ilikuwa imegeuka njano, wakati ya kawaida ingali na rangi ya chungwa. Maji ya lishe yana rangi inayoonyesha asidi: mekundu yakiwa freshi, njano asidi ikizidi.

"Mwanangu, umesema hizi zimekufa?"

"Ndiyo mama. Mashine inasema hai ni robo tu."

"Mfu anakula? Hii lishe imeliwa. Lete kioo tuhesabu."

Walichukua tone, wakachanganya na tripani buluu inayopenya seli zilizokufa tu, wakaliweka kwenye kioo cha kuhesabia chini ya hadubini. Nami niliitwa nikachungulia. Seli zilikuwa chache, hilo kweli. Pale palipokuwa na nane kwenye chupa ya kawaida, huku zilikuwa mbili au tatu. Lakini zilikuwa duara, angavu, zenye kingo safi, na za buluu zilikuwa za kutafuta. Zaidi ya tisa katika kila kumi zilikuwa hai.

"Hazijafa hizi," alisema mama. "Zimelala, na zinakula sukari usingizini."

Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa kuondoa muhtasari kwenye mkutano. Haukupita kwa urahisi. Msimamizi alipendekeza tubadilishe neno moja, "inaua" liwe "inapunguza", tuendelee. Mwanafunzi mwenyewe ndiye aliyekataa: "Profesa, nikiulizwa nimepima nini, sina jibu." Aliiondoa kazi yake siku hiyo hiyo. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi bora wa kisa kizima, na ulitoka kwa mtu mwenye cha kupoteza zaidi kuliko sisi wote.

Pili, tulisimamisha dawa kwa mwezi mzima. Ilikuwa haina maana kupima sitarabini kwenye oksijeni tusiyoijua.

Tatu, tulipima oksijeni pale seli zilipo, chini kabisa ya kishimo, badala ya kuamini namba ya mlangoni. Tuliazima kibandiko kinachosomwa kwa mwanga, kinachobandikwa ndani ya chombo. Hapa majibu matatu yalianza kueleweka. Maji ya lishe tuliyokuwa tukiyapasha moto kwenye hewa huingia yakiwa yameshiba oksijeni, na hutumia saa nyingi kuipoteza. Plastiki ya sahani nayo ina oksijeni yake, inaiachia taratibu. Inkubeta ya gesi tatu tulikuwa tunaitumia watu watano, na katikati ya wiki mlango ulifunguliwa mara nyingi kiasi kwamba oksijeni chini ya kishimo haikutulia hata siku moja kwenye asilimia 1. Mwisho wa wiki, mlango ukiwa umefungwa siku tatu, mambo yaligeuka: seli nyingi zilizolala chini ya maji yenye kina cha karibu milimita 6 zilikula oksijeni kuliko inavyoweza kupenya kutoka juu, na pale chini ikakaribia sifuri.

Kilichotuuma zaidi kilikuwa upande wa pili. Kwenye inkubeta ya kawaida, siku ya tatu, seli zikiwa zimefika zaidi ya milioni kwa mililita, kibandiko kilionyesha oksijeni iliyoshuka mbali chini ya ile ya hewa. Kundi letu la kulinganishia lilikuwa na uhaba wake lenyewe, nasi hatukujua.

Nne, tulibadili utaratibu. Kazi yote ilihamia kwenye kasha la glovu, yaani kasha lililofungwa ambalo mikono huingia kupitia glovu, na hewa yake haibadiliki. Maji na sahani vililazwa humo usiku kucha kabla ya kutumika, seli zikapandwa chache zaidi, na kina cha maji kikapunguzwa. Seli za kupimia HIF-1 zilipasuliwa humo humo ndani, kwa mchanganyiko uliokuwa umekaa kwenye hewa ile ile. Mstari ukatokea mara ya kwanza tu, mweusi, mnene. Nadharia ya mabadiliko ya jeni haikutajwa tena.

Tano, tuliacha kutegemea resazurini peke yake. Rangi ile hugeuzwa na vimeng'enya vya kimetaboliki, na oksijeni ndogo hubadilisha kimetaboliki yenyewe. Ni kama kuhesabu watu nyumbani kwa kuangalia moshi wa jikoni: moshi ukipungua huwezi kujua kama watu wametoka au wamebadili kuni kwa mkaa. Tukaongeza hesabu ya kioo, rangi inayogawanyika nusu kwa nusu kila seli inapojigawa, na kipimo cha kiasi cha DNA kinachoonyesha ni sehemu gani ya seli iko katika awamu ya S, yaani inanakili DNA yake.

Matokeo

Kwa utaratibu mpya majaribio matatu yalitoa jibu moja. Kwenye asilimia 5 seli zilikua karibu sawa na kwenye hewa. Kwenye asilimia 1 zilijigawa mara chache zaidi ndani ya saa 72, nyingi zilirundikana kabla ya awamu ya S, na zilizokufa hazikuongezeka kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Glukosi ilipungua kwa kasi ukilinganisha na uchache wa seli, na ndiyo maana chupa ilikuwa njano: mitokondria ikipunguziwa kazi, glukosi huishia kuwa asidi ya laktiki.

Dawa ikarudi. Kwenye asilimia 1 sitarabini iliacha seli hai nyingi zaidi, jambo tulilolitarajia, kwa kuwa dawa hii hujipenyeza kwenye DNA inayonakiliwa, na seli isiyonakili haina mlango wa kuipitisha. Tulipoosha dawa na kuzirudisha seli zilizonusurika kwenye hewa, chupa ilikaa kimya siku kadhaa, kisha ikaanza kujaa tena.

Uchambuzi: je, ule ulikuwa usugu?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa hili naliona kwenye kazi nyingi ninazosoma, na sisi tulikuwa njiani kulichapisha.

Chukua mfano. Kwenye hewa, seli moja baada ya siku tatu imekuwa nane. Ukiipa dawa inayosimamisha ukuaji bila kuua, inabaki moja. Unagawanya moja kwa nane, unapata asilimia 12.5, unasema dawa ni kali. Kwenye oksijeni ndogo seli moja bila dawa imekuwa mbili tu. Dawa ile ile imeisimamisha vile vile, imebaki moja. Unagawanya moja kwa mbili, unapata asilimia 50, unatangaza usugu. Dawa imefanya kazi moja kote kuwili. Kilichobadilika ni namba ya chini kwenye mgawanyo.

Mchoro wetu wa jaribio la pili ulikuwa hivyo hivyo. Tulipopiga hesabu upya kwa kulinganisha kasi ya ukuaji, siyo idadi ya mwisho, "usugu" wetu ulipungua sana. Haukuisha. Palibaki kitu.

Ili kujua kitu hicho ni nini, mwanafunzi alipendekeza jaribio ambalo mwanzoni nililiona la kitoto. Alizipunguzia seli seramu, majimaji ya damu yanayozichochea kukua, kwenye hewa ya kutosha, zikapunguza mwendo bila kukosa oksijeni, kisha akazipa sitarabini. Zilinusurika karibu kama zile za asilimia 1. Kwa maana nyingine, sehemu kubwa ya ulinzi ule ilitoka kwenye kupungua kwa mwendo, na HIF-1 haikuhitajika kuueleza. Jaribio lina udhaifu wake, kwani seramu ikipungua hupungua mengi zaidi ya kasi, na tuliliandika kwa tahadhari hiyo. Hata hivyo lilituzuia kuipa HIF-1 sifa yote, kishawishi kikubwa pale mstari mweusi mnene unapokutazama.

Kilichofanya kazi vizuri ni kipimo cha oksijeni kwenye sakafu ya chombo na hesabu ya kioo. Cha kwanza tuliazima, cha pili kilikuwa kabatini miaka yote. Kilichotuangusha zaidi ni utaratibu wa vikao vyetu: tulijadili maana ya matokeo kabla ya kujadili yalivyopatikana. Fundi sanifu hakuwa akialikwa kwenye vikao hivyo. Sasa anaalikwa, na huwa anauliza swali moja tu, mlango ulifunguliwa mara ngapi.

Neno "kawaida" nalo tuliliondoa kwenye vifuniko na michoro. Tunaandika "hewa". Hakuna seli ya uboho inayokutana na asilimia 18 ya oksijeni katika maisha yake, na ukiita hali hiyo kawaida unaanza kuona hali yake halisi kama ugonjwa. Siku hizi kundi letu la kulinganishia ni asilimia 5, na hewa imekuwa hali ya tatu, ya kulinganisha na kazi za wengine.

Bado lipo pengo ambalo kasha la glovu haliwezi kuliziba. HL-60 kwenye plastiki hazina majirani. Ndani ya uboho seli za lukemia zimeshikamana na seli tegemezi zinazotoa kemikali ya kuziita na kuzishikilia, na oksijeni ndogo huongeza kipokezi cha kemikali hiyo, CXCR4, juu ya seli za saratani. Huenda usingizi tuliouona kwenye chupa, penye majirani, ukawa mzito zaidi au mwepesi zaidi. Wiki tunayoandika haya mwanafunzi ameanza kuzipanda juu ya tabaka la seli tegemezi, kwenye asilimia 1, 5 na hewa. Chupa ya kwanza imegeuka njano siku mbili mapema kuliko tulivyopanga, na safari hii alichukua kioo cha kuhesabia kabla ya kumwita mtu.